Kasumba na Saratani: Uchunguzi wa Nusu Karne Kaskazini mwa Iran

Neno kasumba lina maana mbili katika lugha ya Kiswahili. Wanafunzi wengi wa leo wanaijua ile ya pili tu, yaani fikra potofu zilizomkaa mtu kichwani hata asitambue kwamba zinamdhuru. Ndiyo maana husemwa "kasumba ya kikoloni". Maana ya kwanza ni ya kitu kinachoshikika. Kasumba ni afyuni, utomvu mkavu wa mmea ambao binadamu ameutumia kwa maelfu ya miaka kutuliza maumivu, kuleta usingizi na kujiburudisha. Waliolihamisha neno hilo kutoka kwenye utomvu hadi kwenye fikra waliielewa vyema tabia ya afyuni: humtuliza mtu huku ikimfunga.

Kwamba afyuni humfunga mtumiaji wake ni jambo lililojulikana tangu zamani. Jambo jingine halikujulikana kwa hakika mpaka miaka ya karibuni: je, afyuni huleta saratani? Swali hili laonekana jepesi, lakini jibu lake lilichukua takriban miaka 50. Mwezi wa Septemba 2020, wataalamu waliokusanywa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake katika mji wa Lyon, Ufaransa, waliamua kwamba matumizi ya afyuni husababisha saratani kwa binadamu. Njia iliyowafikisha kwenye uamuzi huo ina mafunzo makubwa kwa kila anayesoma sayansi, kwa sababu inaonyesha jinsi chanzo cha ugonjwa kinavyotenganishwa na mambo ambayo yanafuatana nacho tu.

Mmea na mazao yake

Afyuni hutokana na mpopi, mmea wa maua ambao jina lake la kisayansi ni Papaver somniferum. Petali zake zinapopukutika hubaki tunda la kijani, la mviringo, lililojaa mbegu ndogo sana. Mkulima hulichanja tunda hilo lingali bichi, na utomvu mweupe mithili ya maziwa hutiririka. Utomvu huo ukikaa hewani hugeuka rangi ya kahawia na kuganda, kisha hukwanguliwa. Hiyo ndiyo afyuni ghafi, ambayo nchini Iran huitwa teryak.

Ndani ya afyuni mna kemikali nyingi za jamii ya alkaloidi. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni mofini, ambayo mwanafamasia wa Kijerumani Friedrich Sertürner aliitenga mwanzoni mwa karne ya 19. Nyingine ni kodeini, tebaini na papaverini. Mofini ndiyo hasa inayotuliza maumivu, na ndiyo inayomfanya mtumiaji ashindwe kuacha.

Watumiaji wa Iran huivuta teryak au huimeza. Inapovutwa, ndani ya kiko hubaki masizi magumu meusi yaitwayo sukhteh, neno la Kiajemi lenye maana ya kitu kilichoungua. Masizi hayo hayatupwi, kwa kuwa bado yana mofini. Huchemshwa katika maji, mara nyingi pamoja na afyuni ghafi, yakachujwa na kukaushwa mpaka kupatikana kitu kizito kiitwacho shireh. Zamani wako watu maskini waliokula sukhteh yenyewe, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua afyuni. Msomaji na ayaweke akilini masizi hayo, maana yatarejea.

Ugonjwa uliokosa maelezo

Umio ni mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani ikiota humo, mgonjwa hushindwa kwanza kumeza chakula kigumu, halafu uji, na mwishowe hata maji. Dalili hizi kwa kawaida hujitokeza wakati ugonjwa umekwisha enea, na kwa hiyo wachache hupona.

Kaskazini-mashariki mwa Iran, baina ya Bahari ya Kaspi na mpaka wa Turkmenistan, lipo eneo la nyika liitwalo Turkmen Sahra, ambalo leo limo katika mkoa wa Golestan. Mwaka 1969 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tehran, wakishirikiana na shirika la Lyon, walianzisha daftari la kuandikisha wagonjwa wote wa saratani katika ukanda wa Kaspi. Mwaka 1972 Kmet na Mahboubi walitangaza matokeo ya kwanza katika jarida la Science, na matokeo hayo yaliwashangaza wataalamu. Upande wa mashariki wa ukanda huo, saratani ya umio ilikuwa ikiwapata zaidi ya watu 100 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Upande wa magharibi wa bahari hiyohiyo, mwendo wa kilomita mia chache tu, ugonjwa huo ulikuwa mchache mno kuliko huko.

Katika nchi za Ulaya saratani ya umio ilikuwa imeelezwa kwa ulevi wa pombe na uvutaji wa tumbaku, na wagonjwa wengi walikuwa wanaume. Maelezo hayo hayakufaa huku. Watu wa Turkmen Sahra ni Waislamu ambao kwa kawaida hawanywi pombe, na wanawake wao hawakuwa wavutaji wa tumbaku. Hata hivyo wanawake waliugua sawa na wanaume, na mahali pengine kuwazidi. Kwa hiyo palikuwa na chanzo kingine.

Watuhumiwa walikuwa kadhaa. Mlo wa watu maskini ulikuwa mkate na chai, na ulipungukiwa na matunda na mboga. Chai hiyo ilinywewa ikiwa ya moto sana. Tena uchunguzi wa mkojo ulionyesha kwamba afyuni ilitumiwa na watu wengi, wanaume kwa wanawake.

Ushahidi wa maabara

Afyuni ilipelekwa maabara. Wakati huo mwanakemia wa Kimarekani Bruce Ames alikuwa amebuni kipimo chepesi cha kugundua kemikali zinazobadili DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika kila chembe hai. Kipimo hicho hutumia bakteria wa jamii ya Salmonella wenye kasoro moja: hawawezi kujitengenezea kirutubisho kiitwacho histidini, na wasipopewa hawakui. Bakteria hao wakichanganywa na kemikali inayobadili DNA, baadhi yao hupata badiliko linaloiondoa kasoro hiyo, wakaanza kukua bila ya msaada. Mtafiti huhesabu makundi yaliyoota katika sahani. Makundi yakiwa mengi, kemikali hiyo inashukiwa kuwa inaweza kuleta saratani, kwa maana saratani huanza kwa mabadiliko ya DNA.

Mwaka 1978 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya kipimo hicho kwa sukhteh. Masizi yale ya kiko yalibadili DNA ya bakteria kwa nguvu. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba hata mofini ikiunguzwa hutoa kemikali zenye tabia hiyohiyo. Ikafahamika kuwa hatari kubwa imo katika kuungua. Kitu chochote chenye asili ya mimea kinapoungua bila ya hewa ya kutosha, huzaa kemikali ziitwazo haidrokaboni zenye pete nyingi, na baadhi yake zinajulikana kuwa vyanzo vya saratani. Hizo ndizo zilizomo pia katika moshi wa tumbaku na katika lami ya makaa ya mawe.

Hata hivyo, bakteria si binadamu. Kipimo cha sahani huonyesha kwamba jambo linawezekana, wala hakithibitishi kwamba limetokea. Ilibidi wachunguzwe watu wenyewe. Lakini yalikuja mapinduzi ya mwaka 1979, kisha vita vya mwaka 1980 hadi 1988 baina ya Iran na Iraki, na kazi hiyo ikakwama kwa miaka mingi.

Mitego mitatu

Mtu aweza kuuliza: kwa nini wasingeulizwa tu wagonjwa wa saratani kama wanatumia afyuni, kisha wakaulizwa hivyo hivyo watu wazima wa afya, na majibu yakalinganishwa? Uchunguzi wa namna hiyo ulifanywa na una thamani yake. Lakini katika suala la afyuni una mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni tumbaku. Wengi wanaovuta afyuni huvuta na sigara. Ikiwa wanaugua mapafu zaidi ya wengine, yawezekana sigara ndiyo yenye kosa, na afyuni ni mwandani wake tu asiye na hatia.

Mtego wa pili ni mpangilio wa wakati. Afyuni ni dawa ya maumivu. Mtu mwenye saratani ichipukayo tumboni, ambaye hajajua kuwa anaumwa saratani, huanza kusikia maumivu na kutumia afyuni ili apate usingizi. Mwaka mmoja baadaye saratani yake inagunduliwa. Akiulizwa, atajibu kwa haki kwamba anatumia afyuni. Lakini hapo saratani ndiyo iliyoleta afyuni, wala si afyuni iliyoleta saratani.

Mtego wa tatu ni ukweli wa majibu. Watu huona aibu kukiri matumizi ya dawa za kulevya. Mgonjwa aliye mbele ya daktari wake huenda akasema kweli, na mtu mzima wa afya akaficha. Tofauti itakayoonekana baina yao itakuwa tofauti ya ukweli wa ulimi, si tofauti ya matumizi.

Watu elfu hamsini

Ili kuiepuka mitego hiyo, ulitayarishwa uchunguzi wa aina nyingine. Kati ya mwaka 2004 na 2008, Chuo Kikuu cha Tiba cha Tehran, kwa ushirikiano na shirika la Lyon na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kiliandikisha watu 50,045 wa mkoa wa Golestan, wenye umri wa miaka 40 hadi 75, kutoka mji wa Gonbad na vijiji vinavyouzunguka. Kila mmoja aliulizwa kwa kirefu kuhusu maisha yake: anakula nini, anakunywa chai ya moto kiasi gani, anavuta tumbaku au havuti, anatumia afyuni ya aina gani, kwa njia gani, na kwa miaka mingapi. Kisha watu hao wakafuatiliwa mwaka hadi mwaka ili kuona nani ataugua na nani atakufa, na kwa ugonjwa gani.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba majibu yaliandikwa kabla ya ugonjwa kugunduliwa. Ili kuondoa kabisa hofu ya mtego wa pili, watafiti walirudia hesabu zao wakiwaacha nje wale walioanza kutumia afyuni baada ya kupatwa na maradhi ya kudumu. Kuhusu mtego wa tatu, majaribio ya awali yalilinganisha maneno ya watu na mkojo wao, na yakaonekana kukubaliana kwa kiasi kikubwa. Afyuni ni jambo la kawaida katika eneo hilo, na watu hawakuona haja kubwa ya kuificha. Kuhusu mtego wa kwanza, idadi ya watu ilikuwa kubwa kiasi cha kuwapata wengi waliotumia afyuni bila ya kuvuta tumbaku kamwe, na hao wakahesabiwa peke yao.

Waliokwisha kutumia afyuni walikuwa asilimia 17, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu sita, na kwa wastani walikuwa wameitumia kwa karibu miaka 13. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba watumiaji walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya kile cha wasiotumia. Matokeo ya mwaka 2020, baada ya ufuatiliaji wa takriban miaka 10, yaligusa saratani moja kwa moja. Wagonjwa wapya wa saratani walikuwa 1,833. Kwa jumla hatari ya saratani kwa watumiaji ilikuwa mara 1.4 ya ile ya wasiotumia. Kwa mapafu, kwa zoloto, ambalo ndilo sanduku la sauti, na kwa kibofu cha mkojo, hatari ilizidi mara mbili. Tena, kadiri mtu alivyotumia afyuni nyingi, ndivyo hatari ilivyopanda.

Mfano wa hesabu utasaidia kuelewa maana ya mara 1.4. Tuseme katika watu 1,000 wasiotumia, 50 watapata saratani katika muda fulani. Basi katika watu 1,000 wa umri na hali ileile wanaotumia, watakaopata ni 70. Watu 930 hawatapata. Ndiyo sababu mzee mmoja wa kijijini aliyevuta afyuni maisha yake yote akafa kwa uzee hawezi kuwa ushahidi wa kuitetea, kama vile kijana mmoja aliyeugua hawezi kuwa ushahidi wa kuilaumu. Ukweli wa namna hii hauonekani kwa kumtazama mtu mmoja; huonekana kwa kuhesabu maelfu.

Uamuzi wa Lyon

Kwa ushahidi huo na mwingine, wataalamu wa Lyon waliiweka afyuni katika kundi la kwanza la vyanzo vya saratani, ambamo umo pia moshi wa tumbaku. Yafaa ieleweke kwamba makundi hayo hupima uhakika wa ushahidi, wala hayapimi ukubwa wa hatari. Vitu viwili vilivyomo katika kundi moja si lazima viwe na nguvu sawa. Baadaye uchunguzi mwingine uliofanywa katika mikoa 10 ya Iran, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000, uliuimarisha uamuzi huo: kwa kibofu na kwa mapafu hatari ilionekana kuzidi mara tatu.

Lakini palikuwa na jambo la ajabu katika uamuzi huo. Saratani zilizothibitishwa kikamilifu ni tatu: ya mapafu, ya zoloto na ya kibofu cha mkojo. Saratani ya umio, ambayo ndiyo iliyowapeleka watafiti Turkmen Sahra hapo mwanzo, haimo. Iliwekwa pamoja na zile za tumbo, kongosho na koromeo, ambazo ushahidi wake bado una mipaka: uhusiano umeonekana, lakini maelezo mengine hayajaondolewa yote. Watafiti walikwenda kutafuta chanzo cha ugonjwa mmoja, wakathibitisha chanzo cha magonjwa mengine matatu.

Mapafu na zoloto hupitiwa na moshi, kwa hiyo si vigumu kufahamu kwa nini vinadhurika. Kibofu je, ambacho hakiguswi na moshi? Jibu limo katika somo la kawaida la mzunguko wa damu. Kemikali za moshi huingia katika damu kupitia mapafu, zikachujwa na figo na kumiminwa katika mkojo. Mkojo hukaa kibofuni kwa saa nyingi, na muda wote huo ukuta wa kibofu huguswa na kemikali hizo. Mkojo wa watumiaji wa afyuni wa Golestan ulipopimwa, ulikutwa na mabaki ya haidrokaboni zenye pete nyingi kuliko mkojo wa wasiotumia. Juu ya hayo, afyuni ya magendo huchanganywa na vitu vingine. Mwaka 2016 watu wengi wa Iran walipata sumu ya madini ya risasi iliyokuwa imetiwa ndani ya afyuni.

Chai, na ukanda wa Afrika Mashariki

Mtuhumiwa mwingine, yaani chai ya moto, naye hakuachwa. Watafiti wa Golestan walipima joto la chai kwa kipimajoto, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba wanaoinywa ikiwa na nyuzi 70 za Selsiasi au zaidi walipata saratani ya umio kwa wingi kuliko wanaosubiri ipoe. Mwaka 2016 shirika la Lyon liliamua kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani kwa binadamu.

Hapa jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Afrika Mashariki nayo ina ukanda wake wa saratani ya umio, unaoanzia Ethiopia na Kenya, ukapita Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Watafiti wa Eldoret, Moshi na Blantyre, pamoja na shirika hilohilo la Lyon, wamekuwa wakiwalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, na joto la chai ni mojawapo ya mambo wanayoyachunguza. Afyuni si mila ya vijiji vya ukanda huu. Kilichosafiri kutoka Turkmen Sahra hadi huku ni utaratibu wa kuuliza, kupima, na kutomhukumu mtuhumiwa kabla ya wenzake kuchunguzwa.

Mofini ya hospitali

Lipo jambo moja lisilopaswa kuchanganywa. Uamuzi wa mwaka 2020 unahusu watu wanaovuta au kumeza afyuni na mazao yake. Hauhusu mofini ambayo daktari humwandikia mgonjwa mwenye maumivu makali. Mofini hiyo ni safi, haivutwi kwa moto, na kipimo chake hujulikana. Nchini Uganda, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, imeonyesha kwamba mofini ya maji ya kunywa yaweza kuwafikia wagonjwa wa saratani hata majumbani mwao, kwa gharama ndogo. Mgonjwa wa umio asiyeweza tena kumeza chakula hana dawa nyingine yenye nguvu kama hiyo ya kumpunguzia mateso. Itakuwa msiba juu ya msiba iwapo ndugu zake, kwa kusikia nusu ya habari, wataikataa dawa hiyo kwa niaba yake.

Utomvu ni uleule. Ukiunguzwa katika kiko kwa miaka 20, huacha alama yake katika mapafu na kibofu. Ukisafishwa na kupimwa hospitalini, humwezesha mtu anayekufa kulala usiku. Kutenganisha hali hizo mbili kunahitaji subira na hesabu, na wale watu elfu hamsini wa Golestan waliokubali kuulizwa na kufuatiliwa ndio waliowezesha hesabu hiyo kufanyika.